Baba Aliyeomba Kazi ya Kulea

Hotuba ya kumbukumbu iliyotolewa katika juma la Jubilei ya miaka 100 ya usharika, siku ya kuwakumbuka wazee waliotangulia



Katika juma hili usharika umesikia historia ya majengo yake, ya wamisionari, ya walimu wa kwanza, na ya wachungaji waliohudumu hapa mmoja baada ya mwingine. Ni haki, tena ni wajibu. Lakini historia ya usharika haiishii kwenye orodha ya wachungaji wala kwenye tarehe za mawe ya msingi. Ipo pia historia iliyotendeka migombani, kwenye mifongo ya maji na jikoni kwa akina mama, na wahusika wake hawana picha ukutani. Hotuba hii inamkumbuka mmoja wao. Alikuwa mzee wa usharika, mkulima wa kahawa na ndizi, msimamizi wa mfongo, baba wa kambo wa watoto watatu, baba wa wawili aliowazaa, na babu wa wajukuu ambao hakupata kamwe kuwagawa katika mafungu mawili.

Jina lake halitatajwa, na sababu yake ni yeye mwenyewe. Bei ya kahawa ilipopanda katika miaka ya 1976 na 1977, baada ya jalidi ya mwaka 1975 kuunguza mibuni huko Brazil, usharika ulichangishana ili kubadili bati la kanisa. Kamati ikapendekeza kwamba majina ya waliotoa zaidi yachongwe kwenye ubao karibu na mlango. Yeye alikuwa miongoni mwao. Akasimama, akasema, “Mimi nimetoa bati ili mvua isitunyeshee. Sikutoa ili nisomwe.” Akaketi, na ubao haukuchongwa. Familia yake imeridhia habari zake zielezwe leo kwa sharti moja, kwamba neno lile liheshimiwe hata katika kitabu cha Jubilei. Wenyeji wa hapa wanamjua. Wageni watamjua kwa matendo yake.

Alizaliwa miaka michache baada ya mwaka 1920. Huo ndio mwaka ambao Waingereza waliwaondoa nchini wamisionari Wajerumani wa Misioni ya Leipzig, waliokuwa wamefika Kilimanjaro mwaka 1893. Sharika zilizokuwa bado changa zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, waliofundisha, walioongoza ibada na kuzika wafu kwa ujira mdogo au bila ujira kabisa. Baadaye wakaja Walutheri wa Augustana kutoka Marekani kusaidia, na katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikawaondoa tena. Ndiyo kusema kwamba mzee huyu alikulia katika Kanisa lililokwisha kuzoea kulelewa na watu ambao si wao waliolizaa. Huenda ndiyo maana jambo alilokuja kulifanya baadaye halikuwa geni machoni pake, ingawa lilikuwa geni sana machoni pa jirani zake.

Alisoma madarasa machache ya shule ya misioni, akapata kipaimara, akarudi kwenye jembe. Hakuwa msemaji mwingi. Sauti yake ilikuwa nzito na maneno yake mafupi, naye hakuwa na desturi ya kuzunguka jambo kabla ya kulifikia. Watu walimpenda kwa sababu hiyo, na wengine walimkwepa kwa sababu hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1950, akiwa amekwisha kupita umri ambao vijana wa rika lake walioa, alitamka kwamba anataka kumwoa mjane mmoja wa usharika huu. Mumewe alikuwa amefariki kwa ugonjwa, akimwachia mabinti wawili na mvulana aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa mila, mjane yule alikuwa arithiwe na ndugu wa marehemu. Shemeji yake alitaka kutimiza hilo, wala hakuwa mtu mbaya. Mila ile ilikusudia kwamba mjane asikose mlinzi na watoto wasitoke katika ukoo wa baba yao. Lakini shemeji alikuwa na mke tayari, na mama yule alisema kwamba ubatizo wake haumruhusu kuwa mke wa pili. Hayo yalikuwa miaka mingi kabla ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kumhakikishia mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, au kutoolewa kabisa. Wakati ule mjane aliyekataa kurithiwa aliambiwa neno moja: aende, na watoto wabaki.

Hapo ndipo mzee huyu, akiwa bado kijana, alipokwenda kwenye ukoo wa marehemu. Alikwenda na mshenga mmoja na mtungi wa mbege, kama heshima ilivyotaka. Wazee wa ukoo walipomruhusu kusema, alisema hivi: “Wazee wangu, sikuja kuchukua nafasi ya marehemu. Watoto hawa ni wenu, na jina lao litabaki la baba yao. Mimi naomba kazi ya kuwalea. Siku mtakapoona ninawalisha vibaya, njoni mwachukue.”

Mzee mmoja akamwuliza, “Kijana, watu huomba ng’ombe, huomba shamba. Wewe unaomba mzigo?” Akajibu, “Naomba huo, kwa sababu naona umewekwa chini.”

Ukoo haukumpa jibu siku hiyo. Ulimpa baada ya miezi kadhaa, na ndoa ikafungwa katika kanisa hili. Tangu hapo alitimiza alichoahidi pasipo kupunguza wala kuongeza. Watoto waliendelea kuitwa kwa jina la baba yao aliyewazaa. Kila mwaka kabla ya Pasaka aliwachukua hadi kwenye kihamba cha ukoo wao, wakafyeka majani juu ya kaburi na kulisafisha. Naye hakuketi pembeni akiwatazama. Alishika panga pamoja nao. Yule mvulana alipofikia umri wa kuuliza maswali, alimwuliza kama yeye ndiye baba yake. Mtu mwingine angetafuta neno la kumfariji mtoto. Yeye alimwambia kweli: “Aliyekuzaa amelala kule. Mimi ndiye niliyebaki.” Mtoto akaliridhia jibu hilo, na tangu siku ile akamwita Baba.

Mabinti wale wawili walipofaulu masomo yao, aliuza ng’ombe ili mkubwa aende chuo cha uuguzi. Ndugu zake wakamjia wakisema kwamba anapoteza mali kwa binti wa mtu mwingine, ambaye ataolewa kwa mtu mwingine. Akawajibu, “Hata huyo ng’ombe ni wa mtu mwingine. Nilimpata kwa jirani akiwa ndama.” Binti alikwenda chuo. Mdogo wake naye akafuata njia yake miaka mitatu baadaye, na safari hii hapakuwa na ng’ombe wa kuuza. Baba yake wa kambo alikwenda tambarare kulima vibarua vya mahindi, mtu mzima miongoni mwa vijana, hadi ada ilipotimia.

Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa mfongo. Wageni wasio wa Kilimanjaro wafahamu kwamba mifongo ni mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kutoa maji mitoni na kuyafikisha vihambani, na kwamba maji hayo hugawiwa kwa zamu. Wakati wa kiangazi zamu moja iliyopotea yaweza kuwa mgomba uliokauka. Msimamizi hupendwa na aliyepata maji na kulaumiwa na aliyekosa. Yapo masimulizi ambayo mchungaji mmoja wa zamani wa usharika huu aliyasimulia mwenyewe hata baada ya kustaafu. Alikuwa ameomba bustani ya nyumba ya mchungaji ipate maji kabla ya zamu yake, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja. Msimamizi akamjibu kwa upole, lakini bila kupinda: “Mchungaji, madhabahuni zamu ni yako. Kwenye mfongo leo zamu ni ya mjane.” Mchungaji yule alikuwa akiongeza kwamba hakuna mahubiri aliyoyasikia ambayo alishindwa kuyasahau kama hayo.

Hata hivyo, kumsifu mtu kwa kusema kweli pasipo kueleza madhara ya ulimi wake si kusema kweli. Ulimi wake uliwahi kujeruhi. Mwaka mmoja, katika mkutano wa usharika baada ya sadaka ya mavuno, alisimama akasema mbele ya wote kwamba hesabu ya kahawa iliyotolewa haikufika yote kwa mtunza hazina. Hakumtaja mtu, lakini kila aliyekuwepo alijua ni nani aliyeipokea kahawa hiyo. Mtu yule aliondoka mkutanoni akiwa amefunikwa na aibu. Vitabu vilipokaguliwa, ilionekana kwamba magunia yaliyodhaniwa kupotea yalikuwa yamepimwa siku iliyofuata na kuandikwa ukurasa mwingine. Hakuna kilichopungua.

Msimamizi wa mfongo hakungoja kuitwa. Alfajiri alichuma jani la isale, akaenda nalo mpaka mlangoni kwa aliyemkosea. Isale ni mmea ule wenye majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba, na ndio huo huo ambao mkosaji huuchukua mkononi anapokwenda kuomba msamaha. Ni desturi nzito kumkataa aliyeleta isale. Jirani yake akalipokea. Lakini mzee hakuona kuwa hayo yametosha. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, aliomba ruhusa, akasimama mahali pale pale alipokuwa amesimama siku ya mkutano, akasema kwa sauti ile ile: “Nilisema uongo hapa. Nilidhani ni kweli, lakini ulikuwa uongo. Ndugu huyu ni mwaminifu.” Akaketi.

Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote, na lilionekana zaidi alipokuwa babu. Martin Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, akiikusudia hasa itumiwe na wakuu wa nyumba kuwafundisha watoto na watumishi wao. Katika nyumba ya mzee huyu ilitumiwa hivyo hivyo. Wajukuu waliokuwa wakijiandaa kwa kipaimara walikusanyika kwake jioni, mbele ya taa ya koroboi. Hakuwasikiliza wakighani amri tu. Kila mara aliuliza swali la Luther mwenyewe, maana yake ni nini, naye hakukubali jibu la kukariri. Walipofika amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo, aliwasimulia habari za magunia ya kahawa, akijitaja yeye kwa jina. Aliwaonyesha kwamba Luther hakuishia kwenye kukataza uongo, bali alitaka Mkristo amtetee jirani yake, amseme vyema, na ayachukue mambo yake kwa upande ulio mwema. Akawaambia, “Kusema kweli ni nusu ya amri. Nusu ya pili mimi niliijua nimechelewa.” Wajukuu kadhaa wa wakati ule, ambao leo ni watu wazima na wazee wa sharika mbalimbali, wanalikumbuka neno hilo kuliko mengi waliyofundishwa darasani.

Sasa ni lazima kuligusa jambo ambalo wengine hapa wangependa lipitwe, yaani habari za kihamba. Katika miaka ya 1980 mzee alianza kuzeeka, akaona imempasa kugawa ardhi. Wenyeji wanajua, na wageni wafahamu, kwamba kihamba si shamba tu. Ni mahali pa migomba na mibuni, nyumba na zizi, na makaburi ya waliotangulia. Kwa desturi kijana wa kwanza hupewa sehemu yake anapooa, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Mtoto aliyekuja na mama yake hana fungu hapo. Fungu lake liko kwenye ukoo wa baba yake. Lakini huko kwa ukoo wa baba yake, kihamba cha marehemu kilikuwa kimekwisha kugawiwa wana wa baba zake wadogo. Kijana yule akajikuta amesimama kati ya koo mbili. Moja ilimwambia, nenda kwenu. Nyingine ilimwambia, kwenu kumejaa.

Kihamba cha mzee hakikufika ekari tatu, na wana wake wa kuwazaa walikuwa wawili. Alipotangaza kwamba atakigawa mara tatu, ukoo wake ukaitisha kikao, na kikao kikaendelea siku mbili. Hoja za ukoo hazikuwa za kipuuzi. Walisema kwamba ardhi ile iliachwa na babu zao. Walisema kwamba kila mtu akimpa ardhi asiye wa ukoo, baada ya vizazi viwili ukoo hautakuwa na mahali pa kuzikia watu wake. Walisema tena kwamba ardhi yenyewe imekuwa ndogo, jambo ambalo kila mtu wa mlimani analijua.

Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mnasema kweli kwamba kihamba hiki nilikikuta. Lakini mibuni hii sikuikuta. Mingi ameipanda huyu kijana pamoja nami. Chulebuni ilipoingia, aliyepiga dawa ya mrututu ni yeye, tangu akiwa hawezi kulibeba bomba pasipo kusaidiwa. Niambieni jasho lake liende wapi.”

Mwanawe wa kwanza wa kuzaa alikubali. Wa pili alikataa, akasema waziwazi kwamba fungu lake limepunguzwa kwa ajili ya mtu asiye wa nyumba ile. Hapo watu walitazamia kwamba baba, kwa ukali wa ulimi wake, angemwaibisha kijana mbele ya wazee. Hakufanya hivyo. Alisema, “Mwanangu anasema kweli. Fungu lake limepungua, na mimi ndiye niliyelipunguza. Lawama iwe juu yangu, isiwe juu ya ndugu yake.” Siku ya tatu akapanda masale kwenye mipaka ya mafungu matatu.

Gharama yake haikuwa ndogo. Baadhi ya watu wa ukoo waliacha kuja kwake. Katika baraza la wazee wa usharika nako wapo walioona kwamba mzee wa kanisa hapaswi kuwa chanzo cha mgogoro, na haifai kuficha leo kwamba usharika haukusimama wote pamoja naye. Lililomuumiza zaidi ni kwamba mwanawe yule wa pili alikwenda kufanya kazi mjini, na kwa Krismasi nne mfululizo hakurudi nyumbani. Kila aliye wa mlimani anajua uzito wa jambo hilo. Watu husafiri kutoka Dar es Salaam na Mwanza na Tanga ili wawe nyumbani siku ile, na nafasi ya asiyekuja huonekana.

Katika Krismasi hizo nne mzee alichinja kama kawaida, akatenga fungu la nyama la mwanawe asiyekuwepo, kana kwamba yupo. Kisha akamkabidhi kijana wa kambo alipeleke kwa mke na watoto wa ndugu yake, waliokuwa wamebaki kijijini. Hakutuma neno lolote pamoja na nyama ile. Krismasi ya tano mwana alikuja mwenyewe kuchukua fungu lake, akala pamoja na wote. Hadi leo hajasema kwamba mgawanyo ule ulikuwa sawa, wala baba yake hakupata kumlazimisha aseme. Walipatana pasipo kukubaliana. Yafaa hilo nalo likumbukwe katika usharika ambao mara nyingine hungoja watu wakubaliane ndipo wapatane.

Theolojia ya jambo hili haitafutwi mbali. Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu Kristo, anaufuata kutoka kwa Ibrahimu na Daudi mpaka kwa Yusufu, mtu ambaye kisha anaelezwa kwamba hakumzaa mtoto yule (Mt. 1). Ahadi iliyotolewa kwa nyumba ya Daudi ilimfikia Mwokozi kwa njia ya mlezi aliyekubali kumpokea na kumpa jina. Injili haziandiki hata neno moja lililotoka kinywani mwa Yusufu. Zinaandika kwamba aliamka, akatenda. Paulo naye, akiwaandikia Warumi na Wagalatia, anaeleza kwamba waaminio wamefanywa wana na kupewa urithi (Rum. 8:15–17, Gal. 4:4–7). Ikiwa ndivyo, basi hakuna hata mmoja katika Kanisa la Kristo aliyeingia kwa haki ya kuzaliwa. Kila aliyebatizwa ni mtoto aliyekuja kutoka nje akapewa fungu katika kihamba kisichokuwa chake, na fungu hilo lilimgharimu Mwana mwenyewe.

Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi huko Old Moshi hadi alipoondoka mwaka 1938, alifundisha kwamba Kanisa lisivunje vifungo ambavyo Mungu amewapa watu: ukoo, ujirani na rika. Mafundisho hayo yaliwapa Wachagga heshima ambayo wamisionari wengine hawakuwapa. Swali lililobaki ni la mtu ambaye ukoo haumpokei. Mzee wa mfongo hakusoma vitabu vya Gutmann, vilivyoandikwa kwa Kijerumani, lakini alilijibu swali hilo kwa panga na miche ya isale. Hakuuvunja ukoo wake. Aliendelea kuhudhuria vikao vyake, akachangia misiba yake, akazikwa katika ardhi yake. Alichofanya ni kuuongezea mlango.

Alipougua mara ya mwisho, mwanzoni mwa karne hii, kijana wa kambo, aliyekuwa naye sasa ana mvi, ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kitandani hadi barabarani, ili gari limpeleke Hospitali ya KCMC. Mvua ilikuwa imeharibu njia na gari halikuweza kufika nyumbani. Binti aliyeuziwa ng’ombe ndiye aliyemwuguza, kwa ujuzi uliotoka katika ng’ombe yule. Wajukuu walikuja kwa zamu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipouliza ni wangapi kati yao walio wajukuu wa damu, mzee alimjibu, “Damu hata kuku anayo. Hawa ni wajukuu.” Kuhusu mazishi yake alikuwa amekwisha kuagiza kwamba pasisomwe historia ndefu. Injili isomwe, watu waimbe, kisha wale chakula kwa kuwa wametoka mbali. Ndivyo ilivyofanyika.

Usharika unaoingia karne yake ya pili hauna upungufu wa watoto wa namna hiyo. Wapo walioachwa na wazazi waliokufa kwa UKIMWI, ambao sasa nao ni wazazi. Wapo wanaokuja na mama zao katika ndoa mpya, na katika sherehe za familia hawajui wasimame wapi picha inapopigwa. Wapo mabinti ambao sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imewatambua, lakini vikao vya ukoo bado havijawatambua. Usharika hauwezi kumgawia kila mtu kihamba. Unaweza kuona mzigo uliowekwa chini, na kuuomba kama kazi.

Katika ofisi ya usharika yamo madaftari ya zamani ya kipaimara. Wale watatu wameandikwa humo, kila mmoja katika mwaka wake. Kwenye nafasi ya jina la baba limeandikwa jina la marehemu aliyewazaa, kama ukoo wake ulivyoahidiwa. Kwenye nafasi ya mlezi ipo saini ya mkono mzito usiozoea kalamu, mara tatu, na wino wake haujafifia. Vijana wa kipaimara wa mwaka huu wangefanya vyema kuonyeshwa kurasa hizo.

Mungu, Baba wa wasio na baba, aubariki usharika huu katika karne yake mpya. Amina.